Kituo Kisichokanyagwa

Michezo mingi ina kanuni ambazo kila mtu huzijua lakini hakuna anayezishika, mpaka siku moja atokee mtu mkaidi azisome kwa sauti. Hapo ndipo ugomvi unapoanza. Leo nataka kuwasimulia ugomvi wa namna hiyo uliotokea Marekani mwaka 1908, ukafika hadi baraza la wakuu wa mchezo, na kijana wa miaka 19 akabebeshwa mzigo wake mpaka alipokufa. Chanzo chake ni hatua chache tu ambazo hazikukimbiwa.

Lakini kwanza yafaa tuelewane juu ya mchezo wenyewe. Wamarekani wanao mchezo uitwao besiboli, na mdogo wake uitwao softboli, ambao hasa huchezwa na wasichana, ingawa wanaume nao huucheza. Waliosoma shule zenye mchezo wa raunda wataelewa upesi. Mmoja hutupa mpira, mwingine huupiga kwa gongo, kisha hukimbia kuzunguka vituo. Viko vituo vitatu, na cha nne ni pale pale alipoanzia, nao hupaita nyumbani. Mkimbiaji akirudi nyumbani salama, wenzake wamepata bao moja. Wakitolewa watatu, zamu yao imekwisha, na upande wa pili hushika gongo.

Softboli ilizaliwa Chicago mwaka 1887, siku ya sikukuu yao ya kumshukuru Mungu kwa mavuno. Vijana walikuwa wamekaa katika chumba cha klabu wakingoja habari za mchezo wa vyuo viwili. Mmoja akatupa glavu ya ngumi, mwenziwe akaipiga kwa fimbo, na Bwana George Hancock akaona hapo pana mchezo. Akaifunga ile glavu kwa kamba iwe kama mpira, akachora vituo sakafuni kwa chaki, wakacheza ndani ya nyumba. Jina la softboli lenyewe lilikuja baadaye, mwaka 1926. Katika softboli ya kutupa kwa nguvu, toka kituo hadi kituo ni futi 60, yaani kama mita 18 hivi. Katika besiboli ni futi 90. Kanuni nyingine nyingi ni zile zile, na hii ninayotaka kuieleza ni ile ile kabisa.

Basi, sikilizeni vizuri hapa, maana bila hili habari nzima haina maana. Kigoda kimoja hakikaliwi na watu wawili, na kituo kimoja hakisimamiwi na wakimbiaji wawili. Mwenye gongo akiupiga mpira ukaanguka chini, ni lazima akimbilie kituo cha kwanza. Kama mwenzake alikuwa amesimama pale, huyo hana hiari tena, ni lazima ahame aende cha pili. Na kama cha pili kilikuwa na mtu, huyo naye ni lazima aende cha tatu. Kila mmoja anasukumwa na aliye nyuma yake, kama watu kwenye foleni ya kinu cha kusagia.

Kwa kuwa mkimbiaji huyo analazimika, wapinzani hawana haja ya kumkimbiza na kumgusa mwilini. Inatosha mmoja wao aushike mpira na kukikanyaga kituo kile anakolazimika kwenda, kabla hajafika. Akifanya hivyo, mkimbiaji ametolewa. Mimi nitakuita huku kutolewa kwa kulazimika. Tena iko kanuni nzito inayofuata: kama mtu wa tatu wa zamu ametolewa kwa njia hii, bao lolote lililoingia katika mpigo huo huo halihesabiwi. Hata kama mwenye bao alifika nyumbani zamani, akaketi, akanywa na maji, bao lake ni bure.

Iko pia kanuni ya kinyume chake, nayo huleta kelele nyingi zaidi viwanjani. Mara aliye nyuma akiisha tolewa, yule wa mbele halazimiki tena, maana hakuna anayemsukuma. Tuseme msichana mmoja yuko kituo cha kwanza. Mwenzake anaupiga mpira chini. Mlinzi wa kituo cha kwanza anaudaka, anakikanyaga kwanza kituo chake mwenyewe, na mpigaji ametolewa. Kisha anamrushia mlinzi wa pili, naye anakikanyaga kituo cha pili na kuinua mikono kwa furaha. La hasha! Yule mkimbiaji wa mbele sasa yu huru hata kurudi alikotoka, basi ni lazima aguswe kwa mpira. Mwamuzi akitandaza mikono kuonyesha kwamba yu salama, watazamaji wote watamzomea, na wote watakuwa wamekosea. Kinyume chake, mpira ungaliletwa kwanza kituo cha pili, kukanyaga kungalitosha. Ni mambo yale yale, watu wale wale, ila mpangilio umegeuka.

Sasa turudi mwaka 1908. Katika ligi ya besiboli iitwayo ya Taifa, timu tatu zilikuwa zikifukuzana koo kwa koo: Giants ya New York, Cubs ya Chicago, na Pirates ya Pittsburgh. Siku hizo palikuwa na desturi moja. Bao la ushindi likiisha ingia katika zamu ya mwisho, watazamaji walimiminika uwanjani kama mchwa baada ya mvua, na wachezaji walikimbia kwenda kwenye chumba chao wasije wakakanyagwa. Aliyekuwa kituo cha kwanza hakujisumbua kwenda kukigusa cha pili. Kwa nini ajisumbue? Mchezo umekwisha, mwenzake amekwisha fika nyumbani. Waamuzi waliona, wakanyamaza. Kanuni ilikuwa kitabuni, desturi ilikuwa uwanjani, na hizo mbili hazikuwa zimekutana.

Aliyezikutanisha ni Johnny Evers, mlinzi wa kituo cha pili wa Cubs, mtu mwembamba, mwenye ulimi mkali, aliyependa kusoma kitabu cha kanuni. Tarehe 4 Septemba Cubs walikuwa wakicheza Pittsburgh. Katika zamu ya kumi, vituo vyote vikiwa na watu na wawili wamekwisha tolewa, Pirates wakapiga mpira uliowaingizia bao la ushindi. Mkimbiaji wa kituo cha kwanza, kijana aitwaye Warren Gill, akafanya kama desturi: akageuka akaenda zake. Evers akaitisha mpira, akakikanyaga kituo cha pili, akamwita mwamuzi. Mwamuzi Hank O'Day alikuwa peke yake siku ile, na alikuwa ameshageuka kuondoka. Akasema hakuona, na asichokiona hawezi kukitolea hukumu. Cubs wakaandika malalamiko, yakakataliwa.

Hapa mimi namsifu O'Day. Mwamuzi anayesema sikuona ni bora kuliko yule anayebuni alichokiona. Lakini neno lile lilimwingia moyoni. Akalifikiri, akakubali kwamba Evers alisema kweli kuhusu kanuni, na kwamba likitokea tena mbele ya macho yake, atahukumu kwa kitabu. Evers aliyajua hayo. Jambo la kusikitisha ni kwamba hawakutangaziwa wote. Kama wakuu wa ligi wangaliandika barua moja fupi kwa timu zote nane, kusema tangu leo kila mtu na akimbie mpaka kituo chake, nisingekuwa na habari ya kuwaandikia.

Siku 19 zikapita. Tarehe 23 Septemba Cubs walikuwa New York, katika uwanja ulioitwa Polo Grounds. Mlinzi wa kituo cha kwanza wa Giants alikuwa anaumwa mgongo, basi mahali pake akawekwa Fred Merkle, kijana wa miaka 19 kutoka jimbo la Wisconsin, ambaye mwaka ule alikuwa amekaa benchini zaidi kuliko kucheza. Mtupaji wa Giants alikuwa Christy Mathewson, aliyependwa kuliko wote, yule aliyemwahidi mama yake kwamba hatatupa mpira siku ya Jumapili. Waamuzi walikuwa wawili: Bob Emslie kwenye vituo, na nyuma ya nyumbani yule yule O'Day.

Mpaka zamu ya mwisho, yaani ya tisa, walikuwa sawa, bao moja kwa moja. Giants wakashika gongo. Mmoja akatolewa. Art Devlin akafika kituo cha kwanza. Moose McCormick akapiga mpira chini, Devlin akatolewa kituo cha pili, naye kwa kulazimika, msomaji ukumbuke. Sasa wametolewa wawili, McCormick yuko cha kwanza. Ndipo Merkle akaja, akaupiga mpira vizuri sana, McCormick akafika cha tatu, naye Merkle akasimama cha kwanza. Watu hulisahau jambo hili, kwamba bila mpigo wa Merkle pasingekuwa na bao la kugombaniwa.

Akaja Al Bridwell. Akaupiga mpira wa kwanza aliotupiwa, ukaenda mbio katikati hata mwamuzi Emslie akajitupa chini usimpige. McCormick akarudi nyumbani. Bao! Uwanja ukalipuka, watu wakaruka vizuizi. Merkle alikuwa katikati ya njia ya kwenda kituo cha pili. Akaona McCormick amefika, akaona umati unakuja, akageuka akakimbilie chumba cha wachezaji, kama alivyowaona wakubwa wake wakifanya.

Evers akasimama juu ya kituo cha pili akipunga mikono, akiutaka mpira. Yaliyofuata kila upande huyasimulia kwa namna yake. Wote hukubali kwamba Joe McGinnity wa Giants, aliyekuwa pembeni hachezi, alitambua wanalotaka kulifanya, akaunyakua mpira na kuutupa katika umati. Cubs walisema waliufuata wakaupokonya kwa watazamaji, ukamfikia Evers. Giants walisema ule alioushika Evers ulikuwa mpira mwingine kabisa. Mpaka leo hakuna aliyelithibitisha. Evers akamwuliza Emslie. Emslie akasema hakuona, maana alikuwa anainuka kutoka mavumbini na kutazama kituo cha kwanza. Akamwuliza O'Day. O'Day alikuwa ameona. Akasema Merkle ametolewa kwa kulazimika, ndiye wa tatu, bao halihesabiwi.

Watu maelfu walikuwa tayari uwanjani wakiimba ushindi. Kuwaondoa ili mchezo uendelee hakukuwezekana, na giza lilikuwa linaingia. O'Day akaandika barua jioni ile kwa mkuu wa ligi, Bwana Harry Pulliam, kwamba mchezo umekoma, sare, moja kwa moja.

Asubuhi yake magazeti ya New York hayakumtafuta O'Day tu, yalimtafuta pia Merkle. Wakampa jina la kumaanisha kwamba kichwani mwake mna mfupa mtupu. Jina hilo likamganda. Kijana akakonda, akamwomba mkubwa wake, Bwana John McGraw, amrudishe kwenye timu ndogo au amwachishe kabisa. McGraw alikuwa mtu wa hasira na matusi mengi kwa waamuzi, lakini katika jambo hili alisimama kama baba. Alikataa kumlaumu, akasema michezo mingi ilipotea mwaka ule, si ule mmoja, na mwaka uliofuata akamwongezea mshahara.

Na McGraw alikuwa na haki. Baada ya siku ile Giants walishindwa mara tatu ndani ya siku tano na mtupaji mmoja kijana wa Philadelphia aitwaye Harry Coveleski. Lau wangalishinda mara moja tu kati ya hizo tatu, lile bao la Merkle lisingetajwa na mtu. Hakuna gazeti lililowapa wale waliokosa kuupiga mpira wa Coveleski jina la kichwa cha mfupa. Ndivyo watu tulivyo: kosa la wengi haligawanywi, hutafutiwa mmoja wa kulibeba, na mara nyingi huwa mdogo wao.

Pulliam akaithibitisha hukumu ya mwamuzi. Pande zote mbili zikakata rufani. Giants wakataka ushindi wao, na Cubs wakataka kupewa mchezo wote kwa sababu wenyeji walishindwa kuusafisha uwanja. Baraza likakaa, likasema mwamuzi amehukumu sawasawa. Msimu ukaisha Giants na Cubs wakiwa sawa kabisa. Ikabidi mchezo ule urudiwe.

Ukarudiwa tarehe 8 Oktoba hapo hapo New York. Watu walikuwa wengi hata milango ikafungwa, na waliobaki nje wakapanda vilima na nguzo za reli. Waamuzi wa siku ile, Bill Klem na Jim Johnstone, walitoa habari kwamba daktari wa timu ya Giants alijaribu kuwapa hongo ya dola 2,500 ili New York ishinde. Walikataa. Daktari akafungiwa milango ya viwanja vya mchezo maisha yake yote. Nawaomba mpime mambo haya mawili: huyu aliyetaka kununua hukumu jina lake wachache hulijua, na yule aliyeacha hatua chache jina lake liliimbwa kwa dhihaka nchi nzima.

Cubs walishinda 4 kwa 2. Mathewson mkono wake ulikuwa umechoka, na wa Cubs aliyeingia kuokoa ni Mordecai Brown, mtu wa shamba aliyekatwa kidole na mashine ya kukatia chakula cha mifugo alipokuwa mtoto, na kwa mkono ule ule ulioharibika akaweza kuuzungusha mpira usivyoweza kuzungushwa na wenye vidole vitano. Ilibidi washindi wakimbie kuokoa maisha yao. Mkubwa wao Frank Chance alipigwa shingoni na mtazamaji. Kisha Cubs wakaishinda Detroit na kuwa mabingwa wa nchi, na baada ya hapo hawakupata ubingwa huo tena mpaka mwaka 2016.

Bwana Pulliam hakupona na maneno ya mwaka ule. Alikuwa mtu mpole, mwenye maradhi ya fikra, na mwezi Julai 1909 alijitoa uhai kwa bastola. Si haki kusema ni mchezo mmoja uliomwua, maana shida zake zilikuwa nyingi. Lakini kelele zile zilikuwa moja ya shida hizo.

Merkle yeye aliendelea kucheza miaka mingi, na alicheza vizuri, tena hata katika timu ya Cubs yenyewe. Akiisha acha mchezo alijitenga, hakutaka kuonana na watu wa besiboli. Mwaka 1950 ndipo alipokubali kurudi Polo Grounds siku ya kuwakusanya wachezaji wa zamani, na watu wakamshangilia. Alifariki mwaka 1956 huko Florida. Bridwell, aliyeupiga mpira ule, aliishi miaka mingi zaidi, na uzeeni alisema heri angalikosa kuupiga, kuliko kumwona Merkle akiteswa vile.

Je, leo waamuzi hufanyaje? Wengi wenu hamjaona softboli, lakini mchezo huo na besiboli vimekwisha fika hata kwetu. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi, Uganda, walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza katika mashindano makubwa ya besiboli ya watoto huko Marekani. Basi ni vema kujua. Mwamuzi wa kituo cha kwanza hufundishwa kukitazama kituo kwa macho, aone mguu wa mkimbiaji na mguu wa mlinzi, na mpira ausikie kwa masikio unapoingia katika glavu. Macho mawili hayawezi kutazama juu na chini kwa mara moja. Akisikia mlio kabla ya kuona mguu, ametolewa. Watazamaji hupenda kusema wakifika sawa basi mkimbiaji apewe. Waamuzi wazee hujibu kwamba kufika sawa hakuko, daima mmoja ametangulia, na kazi yao ni kusema ni nani.

Tena hangoji mara moja kutoa hukumu. Hungoja kidogo aone kama mpira umeshikwa imara, maana mlinzi anayeuangusha hajamtoa mtu. Na kwa kuwa katika softboli njia ni fupi na wasichana hugongana miguu kituoni, mahali pengi kituo cha kwanza kimefanywa cha sehemu mbili, nyeupe kwa mlinzi, na ya rangi ya chungwa kwa mkimbiaji. Tangu hapo vifundo vya miguu vimepona, na ugomvi wa nani alimkanyaga nani umepungua.

Ila kosa la Gill na Merkle bado linawezekana neno kwa neno. Ndiyo maana walimu wa mchezo huwaambia wasichana wao kwamba bao la ushindi likiingia, aliye kituo cha kwanza asimkumbatie mtu yeyote. Akimbie kwanza mpaka cha pili, akikanyage, asimame pale mwamuzi akimwona, ndipo aende kushangilia na wenzake.